Bamia ya Uongo

Mama hana mchezo na uwanja wake. Kila asubuhi, kabla hata chai haijainjikwa, unafagiliwa kutoka kizingitini mpaka kwenye uzio wa matete, na mistari ya ufagio lazima yote ielekee upande mmoja. Hakuna jani linaloruhusiwa kuota humo. Nyasi ni nyoka, anasema, na majani ni mbu, na mtu wa Ifakara anayeendekeza vyote viwili asimlilie mwingine. Nikiwa darasa la tatu nyoka alitoka kwenye nyasi za nyumba ya pili akaingia jikoni kwetu, akakutwa amejikunja nyuma ya ndoo ya maji. Tangu siku hiyo uwanja wetu ni mweupe kama sahani.

Mimi ndiye niliyepanda maua kwenye uwanja huo, hatua nne kutoka mlangoni. Nalisema mwanzoni kabisa, bila kulizungusha, kwa sababu kwa kawaida mimi huzungusha kila kitu.

Nilirudi kutoka chuo na cheti cha ugavi na manunuzi, pamoja na mbegu chache nilizozifunga kwenye karatasi. Nilizichuma kwenye mmea uliokuwa kando ya bomba la hosteli. Maua yake yalikuwa makubwa kama kiganja, mekundu ya kuelekea waridi, na katikati yana jicho jeupe. Mzee aliyetunza bustani pale aliniambia jina lake halijui, ila ni ukoo wa bamia. Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba bamia, pamba, choya ya kutengenezea juisi na yale maua mekundu ya uzio wote ni ndugu.

Mbegu zilikaa miezi minne kwenye bahasha moja na cheti. Nilifikiria pa kupanda kama wenzangu wanavyofikiria pa kujenga. Nyuma ya choo kuna kivuli. Karibu na kisima kuna bata. Kando ya uzio ng'ombe wa jirani hupitisha ulimi. Halafu nikawaza, zisipoota je? Nitakuwa nimeshindwa hata na mbegu. Na zikiota je? Mama atazing'oa. Nikawa kila jioni naifungua karatasi, naziangalia, naifunga.

Siku niliyopanda ndiyo siku niliyopata ujumbe wa nne wa "tunasikitika kukujulisha." Mama alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nilisoma ule ujumbe mara tatu, nikaenda stoo, nikachukua jembe, nikachimba palepale mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia kuniuliza kama nimepata kazi angelazimika kupazunguka. Ilikuwa Desemba, mvua zimeanza. Sikufikiria chochote, na hilo kwangu ni jambo la ajabu.

Ziliota siku ya saba. Mama alisimama na ufagio, akainama, akalishika jani moja kwa vidole viwili. Majani ya bamia anayajua. Yamechanika kama mkono wenye vidole vilivyotanuliwa, na haya yalikuwa hivyohivyo.

"Bamia hizi?"

Nikanyamaza. Sikusema ndiyo. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi kama kesi, na kila mara najitetea kwamba sikusema ndiyo.

"Ungepanda kule nyuma," akasema. "Lakini chakula ni chakula." Akafagia akizizunguka.

Kuanzia siku hiyo maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa tena kwa bata. Mama aliyamimina kwenye mashina yangu, taratibu, kama anayenywesha mgonjwa. Maua ya kwanza yalipofunguka mwezi wa tatu, mekundu badala ya njano, nikajua leo siri imeisha. Mama akayatazama muda mrefu, kisha akaita mwanamke wa nyumba ya jirani, Msukuma aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita.

"Njoo uone. Bamia za kisasa hizi. Mwanangu kaja na mbegu za chuo."

Kwa mama, chuo ni chuo. Aliyesomea ugavi na aliyesomea kilimo wote wamekula wali wa bwalo moja. Wiki nzima aliwaambia watu kanisani, sokoni na mashineni kwamba binti yake kaleta mbegu za kisasa, na mimi nikaendelea kunyamaza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kusikia jina la chuo likitajwa nyumbani bila kufuatiwa na kuguna.

Kisha akaja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kutoka Lupiro, na kambale wawili wakavu waliofungwa kwenye keria ya baiskeli. Baba mkubwa haji mara kwa mara, na akija mama hupika kama anayekaguliwa. Nilikuwa nyuma nafua. Niliporudi jikoni, wali ulikuwa umeiva, kambale yuko kwenye nazi, na pembeni kuna bakuli la matunda ya maua yangu, yamekatwa vizuri na kuungwa kwa nyanya na kitunguu.

Nilisimama mlangoni nikafikiria mambo sita kwa wakati mmoja. Je, yana sumu? Nilikumbuka nimesoma kwamba hayana. Je, niseme sasa? Mama alishabeba sinia. Miguu yangu ikamfuata.

Baba mkubwa alinawa, akamega tonge, akachota bamia. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Matunda ya mmea ule yana manyoya magumu kama ndevu za siku tatu, na ndani yana nyuzi. Alitafuna mpaka mama akaacha kula.

"Shemeji," akasema baba mkubwa, "bamia nimekula tangu sijaota ndevu. Leo ndiyo nakutana na bamia iliyoota ndevu kunishinda."

"Za kisasa hizo, shemeji. Mbegu za chuo."

"Chuo gani? Cha useremala?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Siyo bamia, baba mkubwa. Ni maua."

Baba mkubwa akatoa kile alichokuwa anatafuna, akakiweka kando ya sahani kwa adabu zote.

"Basi nimelishwa shada," akasema. "Wengine huwekewa juu ya kaburi. Mimi nimepewa langu nikiwa hai, na mchuzi juu."

Alicheka mpaka akafuta macho. Mama hakucheka. Alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa kwenye kigoda, akakaza kitenge.

"Umeniacha natangaza mji mzima."

"Mimi sikusema ni bamia, mama."

"Kimya chako kina mdomo mkubwa kuliko wa mwenye kusema." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne tunahamia dungu. Kabla ya hapo yang'oe. Uwanja ubaki uwanja."

Kila mwaka mpunga unapoanza kutoa mashuke, tunafunga nyumba ya mjini na kwenda kuishi shambani, ng'ambo ya mto, juu ya dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu, ili tufukuze ndege aina ya kwelea kutwa nzima wasimalize mpunga. Mama hakuwa anatania. Kwake, miezi miwili ya masika bila mtu wa kufagia, na vichaka tayari mlangoni, ilikuwa sawa na kumwachia nyoka ufunguo.

"Sing'oi," nikasema.

Sikuwahi kumjibu mama hivyo. Neno lilikuwa limeshatoka na sikutaka kulirudisha.

"Yanaliwa?"

"Umeona hayaliwi."

"Yanauzwa?"

"Hayauzwi."

"Ni dawa?"

"Siyo dawa."

"Sasa ya nini?"

Nilikuwa na majibu niliyoyaandaa kwa wiki nyingi: kuhusu nyuki, kuhusu udongo, kuhusu bamia zetu za kule nyuma ya nyumba kuzaa zaidi. Yote yalikuwa ya kuombea radhi. Kila mtu aliyekanyaga uwanja ule tangu nirudi alikuwa ameniuliza swali hilohilo juu yangu mwenyewe, kwa maneno mengine: huyu naye ni wa nini sasa? Sikutaka kumtetea yeyote kati yetu, mimi wala maua.

"Ya kuangalia," nikasema.

"Ya kuangalia," mama akarudia, kama anayeonja chumvi.

"Nitafagia mimi. Nitatoka shambani kila Jumapili nije nifagie."

"Kutoka ng'ambo?"

"Kutoka ng'ambo."

"Na ndege?"

"Saa nne wanapumzika. Nitarudi kabla ya saa kumi."

Mama akainuka. "Siku nitakayokuta jani lisilo lako kwenye uwanja wangu, nang'oa yote kwa mkono wangu. Usije ukalia."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Kila Jumapili ndege walipotulia, nilishuka dungu, nikachukua baiskeli na kukanyaga mwendo wa karibu saa mbili, matope yakinirukia hadi mgongoni. Nilivuka daraja, nikaingia mjini, nikafungua geti la matete na kufagia uwanja wa nyumba isiyo na mtu. Nyasi za masika hazina haya. Wiki moja tu, zinafika kwenye kifundo cha mguu. Niling'oa, nikafagia, mistari yote upande mmoja. Vijana wa bodaboda waliokuwa kwenye kona walishanizoea.

"Dada, ofisi imefunguliwa leo?"

"Imefunguliwa."

"Nafasi zipo?"

"Za kufagia zipo. Lete cheti."

Wakacheka, nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama walinicheka mimi au jibu langu. Sikuacha kwenda.

Jirani yetu hakucheka. Siku moja aliegemea uzio wakati nafagia.

"Ua hili nalijua mwendo wake," akasema. "Ni pamba hii, ila imevaa nguo ya sikukuu. Kule kwetu tulilima pamba. Ua likifunguka, mama alikuwa anatukataza kulichuma. Anasema, hilo acheni, ni shati la mtu."

Akalitazama tena. "Hili lako ni shati la nani?"

Nikaendelea kufagia, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta jibu.

Wiki ya tano nikashikwa na malaria. Nililala kwenye dungu, mbao zikinichoma mgongo, huku mama akipiga debe kuwafukuza ndege kwa ajili yetu wawili. Jumapili ikapita. Jumatatu mama akasema anaenda mjini kunifuatia dawa. Nikamwona akifunga kitenge, akachukua kikapu, kisha akarudi akachukua na jembe.

Sijawahi kufikiria kwa haraka kama siku ile. Niliyaona mashina yakitupwa juu ya uzio, nikawaona ng'ombe wa jirani wakitafuna. Nilipanga nitakachosema, nikakipangua. Nikaamua kwamba akiyang'oa nitapanda tena, palepale, kwa mbegu nilizozibakiza kwenye bahasha, na akiyang'oa tena nitapanda tena, na tutazeeka hivyo. Homa ilikuwa kali, lakini uamuzi huo nilipopona niliukuta bado upo.

Alirudi jioni. Akanipa vidonge na maji.

"Umeukuta uwanja?"

"Nimeukuta."

"Maua?"

"Meza dawa kwanza."

Nikameza. Akakaa kwenye ngazi ya dungu, akaanza kukwangua matope kwenye jembe kwa kijiti.

"Nyasi zilikuwa hadi hapa," akasema, akionyesha chini ya goti. "Nimeng'oa nyasi. Siwezi kukubali uwanja wangu uwe vile. Hayo mengine nimeyapita tu."

Jirani aliniambia baadaye kwamba mama alisimama mbele ya maua na jembe mkononi kwa muda ambao mtu angeweza kupika ugali. Alipomsalimia, mama akamwambia anasubiri mgongo upoe. Mimi sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kuniomba radhi. Nami sikumwomba radhi kwa kusema sing'oi. Kwa kumwacha atangaze mji mzima, hilo nilimwomba, tukiwa tunapeta mpunga, naye akasema, "Bamia ya uongo wewe," akaendelea kupeta.

Jina hilo limeshika. Wageni wakija siku hizi mama huwawahi: "Hiyo msichume, ni bamia ya uongo, ya huyu." Baba mkubwa akija huyaamkia: "Shikamooni, mashada."

Kazi bado sijapata. Ujumbe wa tano ulikuja Oktoba, wa sita Novemba. Desemba hii mvua zilipoanza nilitoa bahasha, nikachimba mstari wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, mchana kweupe mama akiwa anafagia. Alikuja na ufagio wake hadi miguuni pangu, akasimama.

"Bamia hizo?"

Anajua kabisa siyo. Nilinyooka, jembe mkononi.

"Hapana, mama. Ni maua."

"Nimeuliza tu," akasema. "Sogeza mguu, nifagie."