Mbaluka Achagua Mashine ya Kupasua Kuni

Shemeji yangu Mbaluka ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikimpenda. Huku kwetu Kilungu ndiye mwanamume wa pekee ninayemjua ambaye amempasulia mke wake kuni za jikoni tangu waoane. Kwetu kuni ni kazi ya akina mama. Mwanamume akionekana na mzigo wa kuni, watu wanauliza kama bibi yake amelazwa hospitali. Yeye alianza dada yangu Nzisa alipojifungua Kavata, na hapo hakuna aliyeshangaa, mama akiwa na mtoto mchanga husaidiwa. Lakini mtoto akatambaa, akatembea, akasoma, leo ni mwuguzi kule Kitui, na baba yake bado kila asubuhi yuko nyuma ya jikoni na shoka. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Mimi, kaka ya mke, nilimcheka kuliko wote, maana shemeji ni wa kutaniwa, na kimoyomoyo nilikuwa nafurahi dada yangu alipata mtu.

Mwaka jana moyo ukamwangusha palepale kwenye kuni. Nzisa alimkuta amelala kando ya gogo, akapiga nduru, tukamrusha kwenye pikapu yangu na kumkimbiza hospitali. Akapona, tunamshukuru Mungu. Daktari akamwambia atembee, ale vizuri, afanye kazi ndogondogo za kumchangamsha, lakini shoka asiliguse tena maishani. Kavata alisikia hayo maneno kwa masikio mawili. Wiki iliyofuata akaleta mtungi wa gesi.

Sasa hiyo gesi. Dada yangu aliipokea vizuri, akashukuru, akaifunika na kitambaa. Alisema ni ya chai. Ukitaka kujua kwa nini, njoo ule muthokoi wake, yale mahindi ya kutwanga mpaka maganda yatoke, na mbaazi ndani. Chakula hicho kinakaa motoni kuanzia asubuhi, na Nzisa anasema gesi itaisha mbaazi zikiwa bado zinamtazama. Kwa hivyo kuni zilikuwa lazima. Nikapendekeza tumwite kijana mmoja wa hapo chini awe anakuja kupasua. Wuui, afadhali ningenyamaza. Mbaluka aliniuliza kama mimi ningekubali mwanamume mwingine apasue kuni za mke wangu huku nimekaa kwenye kiti nikimtazama. Nilimjibu kwamba mimi ningekubali hata leo. Akanuna, hakunisalimia mpaka Jumapili kanisani.

Halafu tukamshika. Alikuwa amelificha shoka kwenye shamba la ndizi, akawa anajipenyeza huko kupasua kuni kabla Nzisa hajatoka kukamua ng'ombe. Kavata alipopata habari alikuja mbio, na yule msichana akikasirika hapigi kelele, anaongea polepole, ndiyo mbaya zaidi. Alimwambia baba yake achague mambo mawili. Atafute mashine ya kupasua kuni, ile ya kuvuta mkono tu, ambayo daktari ameshakubali, na yeye Kavata ataileta. La sivyo ahamie kwake Matinyani, huko Kitui, akae kule ambako jiko ni la gesi na hakuna hata kijiti cha kuokota. Mbaluka aliuliza mama naye atakaa na nani. Kavata akasema mama ana ng'ombe, hawezi kuhama, na baba ndiye amejiletea. Nilimwona shemeji amekuwa mdogo kwenye kiti. Wameishi pamoja miaka hiyo yote, halafu watenganishwe na shoka?

Basi mashine ikawa ni ya kufa na kupona. Mbaluka aliitafuta vile watu wanatafutia kijana wao mchumba. Aliulizia kwa wapasua mbao, akaulizia kwa fundi wa posho mili ya kusagia unga, akatazama video kwa simu yangu mpaka bando ikaisha. Mwishowe tukasikia kuna Nuradin, mfanyabiashara wa Kibwezi anayewauzia pampu wale wanaolima kando ya mto, na ana mashine mbili za kuni za stima. Nilimpigia. Akasema tuje, na tubebe kuni zetu wenyewe tujaribu, yeye hauzi kwa maneno.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la Kikamba kabisa. Sisi hatuendi kwa watu na kitu kibaya. Ukipeleka mbuzi kwa wakwe unachagua yule mnene, ukipeleka maembe unatoa yale yenye madoa. Mbaluka alichambua rundo lake zima, akatoa magogo ya mkaratusi, yamenyooka, yamekauka vizuri, akayakata ncha zikawa sawasawa, akayapangusa vumbi. Mimi nilimsaidia kuyapanga kwenye pikapu na nikamsifu. Tulishuka Kibwezi na kuni zimependeza kama zinaenda harusi.

Nuradin alitukaribisha kwa chai ya maziwa, akatuonyesha. Mashine ya kwanza inasukuma kama jeki ya lori. Unaweka gogo, unashika vishikio, chuma kinakuja polepole na nguvu zake zote kikibana gogo kwenye kabari, kisha kinarudi polepole. Ya pili ina magurudumu mawili mazito ya chuma. Yanazunguka kwanza, yanajijaza nguvu, halafu ukivuta mkono inaziachilia zote kwa mpigo mmoja. Tukaweka mkaratusi kwenye ile ya jeki, ukapasuka, sawa, tukangoja irudi. Tukaweka kwenye ile ya magurudumu. Mbaluka akavuta. Pwaa! Gogo lilikuwa vipande viwili kabla sijapepesa macho. Akaweka lingine, pwaa, na lingine. Mzee alikuwa anacheka kama amepewa mtoto wa kiume. Jasho hakuna, kuhema hakuna. Akageuka akaniambia ni hii, hakuna haja ya kuangalia tena.

Nuradin ni mtu mwaminifu, lazima niseme. Angenyamaza tu na angekuwa ameuza. Akaokota kipande kimoja, akakipapasa, akauliza kama kuni zote za nyumbani kwetu ni safi hivi. Mimi nikamtazama shemeji, shemeji akanitazama mimi.

"Hapana," Mbaluka akasema. "Hizi ni za wageni."

Nuradin alicheka mpaka akakalia pampu. Alisema turudi na zile mbaya, zenye mafundo, zilizojipinda, zile tunazozitukana asubuhi, kwa sababu hataki mashine irudishwe kwake na matusi.

Tuliporudi Kibwezi, Nzisa alikuwa kwenye kiti cha mbele katikati yetu. Alikuwa ameshasema wazi kwamba magogo atachagua yeye, wanaume wawili hawawezi kuaminiwa na rundo la kuni. Akapakia visiki vya mgunga vilivyojikunja, na mti mmoja wenye mafundo mengi ambao nadhani uliumbwa kumuudhi mtu. Tukawasha ile ya magurudumu. Mbaluka akavuta kwa mbwembwe. Pwaa, kisiki kikakataa, chuma kikarudi kupumzika. Akavuta tena, kikaingia ufa. Mara ya tatu ndipo kikaachia. Kila kisiki ilikuwa hivyo, mara mbili, mara tatu, na ule mti wa mafundo sikuhesabu. Tukahamishia visiki vingine kwenye ile ya jeki. Ilinguruma, ikasukuma bila haraka, mbao zikalia kriii, zikafunguka. Haikurudia hata kimoja.

Kwangu mimi mjadala ulikuwa umeisha. Nuradin naye akasema kwa kuni za namna hii achukue ya jeki. Tukampigia Kavata, tukaweka simu kwa sauti, akauliza ipi haina vishindo. Nikamwambia ya jeki. Akasema hiyohiyo, moyo wa baba hautaki vishindo. Mbaluka aliitazama ile ya magurudumu kwa huzuni hata nikamhurumia, lakini hakubisha. Kitu alichotaka ni kubaki nyumbani kwake akimpasulia mke wake kuni, na mashine yoyote ingempa hicho. Alisema sawa, ile ya pole. Nikaenda kufungua mlango wa nyuma wa pikapu.

Nzisa akasema tungoje kwanza. Muda wote huo alikuwa ameketi na mkoba wake magotini. Alimwomba Nuradin awashe tena, moja moja, na mumewe afanye kazi kama yuko nyumbani. Kisha akatoka nje ya duka, akaenda mpaka kwenye kibanda cha mboga kule mbele, akasimama ametupa mgongo. Nilidhani anataka sukuma wiki. Mbaluka akapasua kwa ile ya jeki kwa muda, akahamia kwenye ile ya magurudumu. Dada yangu hakugeuka hata mara moja. Alirudi mikono mitupu, akanyoosha kidole kwenye ile ya magurudumu.

Sote tuliongea kwa pamoja. Mimi nilimwambia hajui mashine. Nuradin akaeleza upya, kwa adabu, habari ya mafundo. Kavata alikuwa bado kwenye simu, akauliza, "Mjomba, Mama anasema nini?" Nikamwambia mama yake anachagua vishindo.

Nzisa alikuwa anamtazama mumewe tu. "Baba Kavata, siku ile sikukuona ukianguka," akasema. "Nilikuwa jikoni nachambua mbaazi. Nilisikia shoka limenyamaza, nikangoja, likanyamaza sana. Ndiyo nikatoka."

Nzisa akaonyesha ile ya jeki kwa kidole. Akaendelea. "Hii ya jeki inanguruma tu. Hata ukianguka itaendelea kunguruma, na mimi nitaendelea kupika. Hii nyingine haipigi mpaka wewe uvute."

"Lakini kuni zetu ni ngumu," Mbaluka akasema. "Itapiga kisiki kimoja mara tatu."

"Ipige. Nitajua uko mara tatu."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamsikia Kavata anapenga kamasi, akasema, "Sawa, Mama." Nuradin alizima stima. Shemeji yangu alizunguka upande wa pili wa pikapu akainama kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote, akakaa huko kwa muda, na mimi siku hiyo sikumtania. Kisha akaja, tukashika mashine huku na huku, tukaipakia.