Mguu wa Kaka Yangu

Kaka yangu hakuwa mtu wa salamu. Tangu ujana aliwapita watu njiani kama aliyeambiwa nyumba yake inaungua, sigara mdomoni, na mama alichoka kumwombea radhi. Mwaka mmoja akabadilika. Tukipandisha kwenda sokoni Kwashemshi, alisimama kwa kila tuliyekutana naye: habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za mbuzi. Watu wakasema utu uzima umemwingia. Mimi nikamtania kwamba anautaka udiwani.

Kumbe ni kigimbi cha mguu wa kushoto. Kilimkaza kila tukipanda kidogo, akisimama kinaachia. Salamu zile zilikuwa mapumziko yake.

Alipokiri, mjomba akasema amekanyaga dawa aliyotegewa. Akampeleka Handeni kwa mganga, akachanjwa chale mguuni. Chale zile hazikupona. Kidole gumba kikawa cheusi, kikaanza kunuka. Nilimchukia mjomba, na mpaka leo sijamaliza.

Hospitalini Korogwe, daktari, binti mdogo kuliko sisi, alitafuta mapigo ya damu juu ya unyayo wake asiyapate. Akatueleza taratibu. Mshipa wa damu una utando laini kwa ndani. Sumu ya moshi wa sigara huuchokoza miaka na miaka mpaka unavimba. Ukishavimba, unapenyeza mafuta yaliyomo kwenye damu, yanajikusanya chini yake, na njia inazidi kuwa nyembamba.

"Mimi nilivyokonda hivi," kaka akasema, "mafuta nimeyatoa wapi?"

"Damu ya kila mtu ina mafuta, kaka. Haya yameanza ukiwa kijana, na mwanzoni hayaumi. Sasa damu haifiki huku chini, ndiyo maana vidonda vimegoma."

Mguu ukakatwa chini ya goti. Daktari akataka na moyo upimwe, kwa sababu ugonjwa huu haukai kwenye mshipa mmoja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa baba alipofariki.

Nilikabidhiwa mguu umefungwa kwenye shuka. Nikaurudisha nyumbani Makuyuni, nikaanza kuchimba kando ya kaburi la baba. Kaka akapiga simu kutoka wodini.

"Unachimba wapi?"

"Hapa ubavuni kwa baba."

Nilimsikia akihema.

"Sogea kidogo, mdogo wangu," akasema. "Hapo niachie mimi."