Mama Bonaya Apewa Kuchagua Rangi

Kanisani kwao Idsowe, kijiji cha kando ya mto, Mama Bonaya hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Benchi la pili kushoto lilikuwa lake na mwanawe, na hilo lilimtosha. Bonaya sasa ni mwanamume mzima mwenye ndevu, lakini mgongo haujapata kumtii tangu azaliwe. Akikaa lazima aegemee mtu. Basi mama humbana kati ya ubavu wake na ukuta, humzungushia leso kiunoni, na Bonaya huimba pambio hadi kwaya yote inyamaze imsikilize. Furaha yake ya wiki nzima ilikuwa hiyo.

Mafuriko yaliyopita yalileta neno. Wanaume walihangaika kupakia mabenchi mtumbwini, yakawashinda, mengine yakabebwa na maji. Kwa hiyo Mzee Nyale, mwenyekiti wa kamati, akaita mkutano na kusema safari hii ni viti vya plastiki. Vinapangwa kimoja juu ya kingine, maji yakija tunahama navyo. Nani ampinge? Idsowe hakuna asiyeyajua maji.

Mama Bonaya akainuka nusu. "Mzee, na wale wasioweza..."

"Mama Bonaya, kina mama tumewaachia rangi," Mzee Nyale akamkata, tena kwa upole. "Haya, tuchagulie."

Makofi yakapigwa. Rangi, jamani! Mwenzenu anazama, mnamuuliza maji anayapenda ya moto au ya baridi. Mama Bonaya akaketi tena. Akasema buluu, kwa kuwa Bonaya anapenda buluu.

Mabenchi yaliyosalia yakatandikwa kwenye tope la kivukoni, watu wakanyage.

Jumapili ya kwanza, alisogeza viti viwili pamoja. Mikono ya viti ikakaa katikati yao, bega lake na kichwa cha mwanawe visikutane. Akamfunga kwa leso, plastiki ikateleza. Katikati ya sala Bonaya akaporomoka, akagonga kidevu sakafuni, watu wakapiga yowe. Valary, mke wa mchungaji, akaja mbio na mkeka, akautandika nyuma karibu na mlango. Mama Bonaya alitamani apate hata mtu mmoja wa kumkasirikia. Hakumwona. Wote walikuwa wakimpa pole.

Pambio lilipoanza, Bonaya hakuimba. Alikuwa anatazama visigino vya watu.

"Mama, twende pale petu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Pale pamewekwa viti, baba."

"Viti vya nani?"

Mama akaketi chini, akampakata kichwa, akamfuta damu ya kidevu kwa ncha ya leso. Mgeni mmoja aliyechelewa akawaruka pale mlangoni, akaangaza macho, akaona kiti cha buluu kitupu kule mbele, akaenda kukikalia.