Makofi Yangu, Saa Zake

Nianze na ukweli ili nisije nikajipamba baadaye: yule dada wa Bukoba nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, kabla hajafungua hata begi. Aliingia studio yetu ya video pale Igogo, Mwanza, akanikuta nakunja nyaya, akaniambia, "Shikamoo dada." Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nikaitika marahaba, lakini roho iliniuma.

Mtu wa sauti nilikuwa mimi. Miaka tisa nilishika maiki kwenye harusi, sendofu na kwaya za Mkolani, na kila mara kamera zilipowashwa nilisimama mbele nikapiga kofi moja kali. Kamera ilichukua picha, rekoda ilichukua sauti, na tukirudi studio nilitafuta mahali viganja vyangu vinapokutana kwenye picha, nikatafuta ule mlio wa "pa!" kwenye sauti, nikaviweka sambamba. Nilivisogeza kidogo kidogo mpaka maneno yakae mdomoni mwa mwenyewe. Bosi alizoea kuniambia mbele ya wateja, "Bila huyu, watu wetu wote wangekuwa mabubu." Maneno hayo yalinitosha wiki nzima.

Yule dada alikuja na rekoda ndogo na visanduku vya kubandika juu ya kamera. Asubuhi aliviunganisha vyote, akaviwekea saa ileile, basi. Kuanzia hapo kila faili, la picha au la sauti, lilibeba ndani yake saa, dakika na sekunde lilipoanza kurekodiwa. Kwenye programu ya kuhariri video unayachagua yote, unabonyeza mara moja, na kila sauti inakwenda yenyewe kwenye picha yake. Siku alipotuonyesha, kazi yangu ya siku mbili iliisha chai ikiwa bado ya moto. Bosi alicheka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Mimi nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Mambo yaliharibika kwenye kazi ya Nansio. Tulikwenda huko kisiwani kupiga filamu ya wanawake wanaoanika dagaa, kamera tatu, siku tatu. Bosi alikuwa amesema wazi kwamba baada ya hapo atachagua mtu mmoja wa sauti wa kuzunguka naye visiwani mwaka mzima, na mwingine atabaki Igogo na harusi zake. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa naiota. Asubuhi ya kwanza, kamera zilipowashwa, nikasimama mbele na kupiga kofi langu. Wale wanawake wakacheka. Yule dada akatabasamu, akasema kwa upole, "Dada, hapa huna haja ya kupiga makofi. Saa zinatosha." Hakukuwa na kejeli hata chembe, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Sikupiga kofi tena kwa siku zote tatu.

Tuliporudi Mwanza aliomba ruhusa ya kwenda Bukoba kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Aliniachia memori kadi, akaniambia tukiwa mlangoni, "Dada, nakuomba uyakopi mafaili hivi hivi yalivyo. Usiyafungue kwenye programu nyingine ukayasevu upya, saa zitafutika."

"Sawa mdogo wangu, nenda salama," nikamjibu. Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayajawahi kuwa na tatizo.

Lakini kwetu sauti haikuwahi kuingia kwenye video bila kupita mikononi mwangu. Nilizoea kuyafungua mafaili yote kwenye programu yangu ya kusafishia sauti, nikapunguza upepo, nikakata ukimya wa mwanzoni, nikayasevu kwa majina mapya. Nikasema moyoni, huyu anajifanya mtaalamu, kwani saa inafutikaje kwa kusafishwa? Tena nilitaka bosi asikie kwamba mkono wangu bado upo. Nikayapitia yote, moja baada ya jingine, siku nzima. Kisha, kama tulivyozoea kila Ijumaa, nikaifuta kadi ili iwe tayari kwa harusi ya Jumamosi.

Jumatatu bosi akabonyeza. Sauti zote zikarundikana mwanzoni, moja juu ya nyingine, kila moja ikionyesha sifuri tupu. Akampigia yule dada simu, akaweka spika.

"Hizi saa zako mbona hazifanyi kazi?"

"Kuna mtu aliyafungua mafaili, bosi?"

Bosi akanitazama. Nilikuwa natafuna karanga.

"Hapana," nikasema. "Nimekopi tu."

Nisiseme uongo mara ya pili: utamu nilioupata pale sijaupata tena. Bosi alikata simu mwenzangu akiwa katikati ya sentensi. "Mambo ya kisasa haya," akasema. "Rudi kwenye kiti chako, dada. Visiwani utakwenda wewe." Ile roho yangu ya kwa nini ilishiba.

Ilishiba mpaka saa sita mchana. Nilikaa kwenye kompyuta, nikaanza kutafuta makofi, nikakumbuka kwamba baada ya lile la asubuhi ya kwanza sikupiga tena. Sauti zilizoshikwa na kamera zenyewe zilikuwa upepo mtupu wa ziwani. Na wale wanawake walizungumza Kikerewe, mimi Msukuma nisiyejua hata salamu yao, kwa hiyo midomo pia sikuweza kuisoma. Siku tatu nzima nilikuwa namtia bibi mmoja mdomoni maneno ya jirani yake. Bosi akipita mlangoni anauliza, "Vipi?" Namwambia, "Inakuja."

Alhamisi yule dada akarudi na kifurushi cha senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Kilikuwa changu, si cha bosi. Akakiweka mezani, akavuta kiti, akafungua maelezo ya faili moja: siku lilipohifadhiwa, na programu iliyolihifadhi. Ilikuwa Ijumaa, na programu ilikuwa ile ninayoitumia mimi peke yangu. Alisoma mpaka mwisho. Mimi nikawa natazama senene.

"Rekoda yangu huandika kwenye kadi mbili kwa pamoja," akasema. Akatoa ya pili kwenye begi, akaichomeka, akayakopi yalivyo, akabonyeza. Wanawake wa Nansio wakaanza kuzungumza, kila mmoja kwa mdomo wake. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, dada."

Hapo hapo bosi akaingia. Akaona midomo na maneno vinakwenda pamoja, mimi nimekalia kiti, mkono wangu karibu na kipanya.

"Nilijua!" akapaza sauti, akanipiga begani. "Hakuna mashine yenye masikio kama ya huyu."

Yule dada alinitazama. Alinipa muda wa kutosha, na hakufungua mdomo. Hata hilo nilimwonea wivu, kwamba mtu anaweza kunyamaza hivyo akiwa na haki yote mkononi.

Nikasema, "Asante, bosi."

Mwisho wa mwezi alikusanya visanduku vyake, akaenda kufanya kazi kwingine. Visiwa nimevizunguka mimi. Siku hizi nasi tuna saa kama zile, na kila mtu mpya anayeingia studio namfundisha mimi: yakopi hivi hivi yalivyo, usiyafungue kwenye programu nyingine ukayasevu upya, saa zitafutika. Huwa wananiuliza nilifundishwa na nani.

Nawaambia nilijifunza mwenyewe.