Kesho Saa Tano

Glenys Ormerod alipikia wanafunzi miaka thelathini na moja kule Rochdale, Uingereza, na jua alilitafuta uzeeni. Yeye na mumewe Clifford waliuza nyumba, wakahamia Hispania, kijiji cha milimani nyuma ya Alicante. Pwani, kwa Waingereza wenzao, Clifford hakutaka hata kusikia. Kihispania alijifunza yeye. Glenys alijua kuagiza mkate tu, akaridhika.

Siku ya kumi na tisa, maboksi yakiwa bado yamerundikana sebuleni, Clifford alianguka bafuni asubuhi na hakuamka tena.

Watu wa mazishi walikuja na karatasi. Glenys alizitia sahihi zote bila kusoma, machozi yanamtiririka, kisha akampigia binti yake Rosalind.

"Nakuja leo, mama."

"Leo uje kufanya nini? Malizia wiki yako ya kazi, mwanangu. Mambo haya huchukua wiki mbili tatu, unajua mwenyewe."

Hakuwa mjinga. Kwao maiti hukaa kwenye friji hata mwezi, ndugu wakipanga nyimbo na vitafunio. Wazazi wake wote wawili aliwazika hivyo. Haraka haina baraka, tunaambizana kila siku. Siku ile baraka yote ilikuwa kwenye haraka.

Jioni aliingia jirani yake Encarna, aliyewahi kusafisha vyumba vya hoteli London. Kavaa nyeusi tupu, mkononi sufuria ya supu.

"Suti ya mzee iko wapi, dada?"

"Ya nini saa hizi?"

"Tunazika kesho saa tano. Kengele ya kanisa imelia mchana kutwa, hukuisikia?"

"Kesho? Mwanangu hajafika."

"Basi mwite, mbona umekaa? Huku maiti hakai siku mbili."

Ndege ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Ya kesho yake ingetua saa tisa alasiri. Encarna alimpigia padri, akawapigia watu wa mazishi. Wote walisikitika, hakuna aliyesogeza saa. Wanawake wawili wakapasua maboksi yote na suti hawakuiona. Clifford alizikwa na sweta lake la bustanini.

Kijiji kizima kilikuja, watu waliomjua siku kumi na tisa tu. Glenys alimchukia kila aliyempa mkono, kwa sababu mtu huyo alikuwa amesimama mahali pa Rosalind.

Rosalind alifika jua linatua. Makaburi ya pale ni matundu ukutani, na la baba yake lilikuwa safu ya nne, juu kabisa, saruji bado mbichi. Alinyoosha mkono, hakulifikia.

"Jina lake mbona halipo?"

"Jiwe lina foleni," akasema Encarna. "Wiki mbili tatu."

Rosalind akamgeukia mama yake, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari.

"Nilikuwa nimeshavaa viatu, mama," alisema. "Uliponiambia nisije."