Wivu wa Kulow na Kisima cha Sangailu

Tangu Muse arudi kutoka Ujerumani, Kulow hakuwa na raha. Muse ni kaka wa mkewe, Istar, na ndiye msimamizi wa wadi pale Sangailu. Alikuwa amepelekwa wiki mbili katika manispaa ndogo iitwayo Birkenrode, akajifunze wenzetu wanavyojitawala. Akarudi na koti zito la sufu, kwenye jua hili la Ijara, na hadithi zisizokwisha.

"Watu mia sita tu, wallahi," alisimulia kwenye kibanda cha chai. "Lakini iko na meya yake, baraza ya watu nane, msitu yake, mto yake. Historia yao miaka mia saba, yote iko kwa kitabu. Na asubuhi meya mwenyewe anakamua ng'ombe!"

Watu walisikiliza midomo wazi. Kulow alisukuma kikombe chake kando. Shuleni, huyu Muse si alikuwa akinakili hesabu kwake? Na ng'ombe wa Sangailu nao hukamuliwa kila siku, mbona hakuna aliyewahi kushangaa? Wivu ulikuwa ukimtafuna, wala hakuona haya.

Kisha meya huyo akaja, mama mcheshi mwenye daftari. Alitaka historia ya Sangailu, aiweke kwenye kitabu cha kwao. Muse kwa adabu alimwachia shemeji yake aeleze, maana Kulow anajulikana kwa kusema. Wazee wakaketi mkekani, mgeni akauliza ni nani aliyechimba kile kisima kikubwa.

Hilo hata mtoto analijua. Alikichimba Salah, babu yao Muse na Istar, na ukoo wake ndio wenye maji. Lakini Kulow alimwona Muse akitabasamu ndani ya lile koti, damu ikamchemka.

"Babu yangu," akasema. "Abdikarim."

Meya akaandika. Hakuna mzee aliyekohoa, kwani mtu haumbuliwi mbele ya mgeni. Kulow alirudi nyumbani kifua mbele.

Kesho yake mgeni alikuwa ameshaondoka. Kulow akapeleka ng'ombe kisimani, kwa zamu aliyopewa na ukoo wa Salah siku alipomwoa binti yao. Mzee Fathi, mpanga zamu, akaweka fimbo njiani.

"Hapa huna zamu, Kulow. Beleka ng'ombe kwa kisima ya babu yako."

Watu waliangua kicheko. Ng'ombe, siku ya pili bila maji, walikuwa wakilia. Kulow hakuwa na kisima kingine, na kila mtu alijua.

Ndipo Muse akafika. Akamshika mzee mkono. "Mwache anyweshe, adeer. Abewe zamu yangu."

Angetukanwa, Kulow angejua la kujibu. Muse alivua koti, akashika kamba, wakavuta maji pamoja, huku akimwita shemeji mbele ya watu wote. Ng'ombe walikunywa wakatosheka, na Kulow akamchukia kuliko siku zote.