Mchele Tusioula

Mwaka ule tulilala chumba kimoja na magunia ya mchele, na hatukuula. Yalipangwa ukutani, moja juu ya jingine, upande wa vichwa vyetu sisi watoto, kwa sababu chumba cha wazazi kilikuwa kinavuja. Mchele mpya una harufu yake, hasa mvua inaponyesha. Anayeijua hahitaji kuelezwa. Asiyeijua nitamwambia kwamba inafanana na majani makavu yaliyopigwa na jua, yenye utamu kidogo ndani. Mdogo wangu wa kiume alilala pua yake ikigusa gunia. Asubuhi tulikula muhogo.

Wanangu huniuliza: kama mchele ulikuwepo, kwa nini mlikula muhogo? Ni swali zuri, na nitalijibu taratibu, kwa sababu wengi wenu mnaosoma mna deni, na mngependa kujua watu hutokaje humo.

Babu yangu, baba wa baba, alifariki hapa Kindu, Kongo, wakati wa Wabelgiji. Sisi ni Waislamu wa mji, watu ambao wazee wao walifuata misafara ya pwani au waliikuta hapa wakaingia. Kwetu mtu mkubwa akifa watu hukaa matanga, na siku ya arobaini husomwa hitima, kisha wote waliokuja hula. Hula wali. Nyama ikipungua watu hunyamaza, sukari ikiisha watu huvumilia, lakini wali ukiisha huku wageni wangali wamekaa mkekani, jambo hilo litasimuliwa mpaka mji wa Kasongo. Na mpunga wetu wakati ule ulikuwa bado shambani, kijani kabisa. Baba akaenda kwenye magazini moja, duka kubwa la mtaa wa Kasuku, akachukua vyote kwa mkopo: mchele, sukari, mafuta ya taa, vitambaa, na fedha za mbuzi. Hakuchukua kidogo. Alikuwa anamzika baba yake.

Baba alikuwa fundi wa kushona. Mwenye magazini hakumshitaki. Alitaka tu mashini ya baba ihamie barazani kwake, baba ashonee pale, na sehemu ya malipo ya kila nguo ibaki kwake mpaka deni liishe. Kodi ya serikali nayo ilitungoja, maana mwanamume aliyekutwa hana karatasi ya kodi alijua atalala wapi.

Wageni wa mwisho walipoondoka, baba alikaa na mama, na sisi tulikuwepo.

"Mama, tukienda hivi, nitashona kule mpaka niote mvi."

"Mvi iko tayari," mama akamjibu.

"Basi mpaka zidondoke. Mupunga ukikomaa, tuuze wote. Siye tutakula bugali ya muhogo."

"Wote?"

"Wote. Hata wa Ramazani."

Mama alianza kukunja mikeka ya matanga, na kila aliyemjua aliona kwamba amekubali na kwamba imemuuma.

Sasa nieleze. Maskini hula muhogo kwa sababu hana kingine. Sisi tulikuwa na kingine, tena tulikivuna wenyewe, ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli. Tulikipakia mtumbwini, tukakitwanga kwa mikono yetu, tukakipepeta, kisha tukakishonea ndani ya gunia. Kuishi chini ya uwezo wako ndiko huko: kitu kiko mkononi, na unakiweka chini. Ni kazi ngumu kuliko kukikosa. Lakini gunia moja la mchele mweupe magazini lilikuwa na thamani ya muhogo wa kutulisha muda mrefu sana, na ile tofauti, gunia moja moja kila bei ilipopanda, ndiyo iliyokula deni letu. Hakukuwa na siri nyingine.

Muhogo tuliuloweka, tukaumenya, tukauanika, tukautwanga. Majani yake yakawa sombe, yaani kisamvu, na mawese yaliingia kwa kijiko, hayakumiminwa tena kutoka kwenye chupa. Chai ikawa ya mchaichai bila sukari. Sisi watoto wa fundi tulivaa viraka vingi kuliko watoto wote wa mtaa, ila viraka vyetu vilishonwa vizuri kuliko vya wote. Chenga zilizobaki kwenye ungo mama alimpikia uji mdogo wetu wa mwisho, na sisi wakubwa tuligombea sufuria. Kama umeanza leo, usivunjike moyo. Mwanzo ndio mgumu. Baadaye tumbo huzoea, na mtu huanza hata kuona fahari kidogo.

Kilichomsumbua mama hakikuwa tumbo. Kilikuwa ng'ambo ya ua wetu wa mianzi.

Huko alikaa jirani tuliyemwita mama mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Yeye na mama walichezwa ngoma ya unyago pamoja, wakaolewa karibu pamoja, na mumewe, mtu wa kazi ya treni, alipata nyumba ikigusana na yetu. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na sauti kubwa, na alizungumza na mama siku nzima kupitia ua bila kumwona, kila mmoja akiendelea na kazi yake. Baba alikuwa ametuonya sote: habari ya deni isitoke nje. Kwa hiyo mama alimficha mtu ambaye hakuwahi kumficha kitu.

Ramadhani ikaja. Katika mtaa wetu, kabla ya magharibi, sahani zilivuka kutoka nyumba hadi nyumba. Leo unampelekea jirani chakula, kesho au keshokutwa sahani yako inarudi, na hairudi tupu. Hakuna aliyelazimisha, wala hakuna aliyesahau. Siku ya kwanza mama mdogo alituletea wali wa nazi, nazi iliyofika kwa treni, na samaki wa mtoni juu yake. Sisi watoto tuliila sahani ile kwa macho kabla ya adhana. Mama hakuugusa wali. Aliosha sahani, akaifuta, akaiweka kabatini.

Siku chache baadaye ikaja nyingine. Nayo ikaingia kabatini. Ikaja ya tatu.

Nilikuwa binti mkubwa, jiko lilikuwa langu na mama, na nilimuuliza kwa nini haturudishi.

"Na nini ndani?" akaniuliza. "Majani?"

"Tufungue gunia moja, mama. Tutoe kidogo tu."

Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Ukitoa kidogo leo kwa sahani, kesho utatoa kwa mugeni, kesho kutwa kwa mutoto anayelia. Baba yako ataendelea kukaa barazani kwa watu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama ua: "Deni la magazini tutalilipa. Huyu nikimupoteza, nitamulipa na nini?"

Sahani zikakoma kuja. Sauti ya ng'ambo nayo ikapungua. Mama aliita asubuhi, "Umeamukaje?" akajibiwa, "Nimeamuka," basi. Nilimwona akisimama karibu na ua, mkono juu ya mianzi, akisikiliza mwenzake anavyofagia. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na nimeona watu wakitamani mambo makubwa, lakini sijaona tena mtu akitamani kitu kama mama alivyotamani kutukanwa na jirani yake.

Akatukanwa, alhamdulillahi. Alasiri moja mama mdogo aliingia uani kwetu bila hodi, mikono kiunoni.

"Wewe! Sahani zangu zimeolewa hapa?"

Mama alikuwa anachambua sombe. Hakuinua kichwa.

"Zimeolewa, njo mana hazirudi! Na mahari sijaona! Shemeji zangu wanakuja kufuturu, nitawawekea chakula mukononi? Ao siku hizi chakula changu kinanuka?"

"Hakinuki, ndugu yangu."

"Basi iko nini?"

Mama aliendelea kuchambua majani. "Nitakuletea leo. Zote."

Mama mdogo alitutazama mmoja mmoja, akasonya, akaondoka.

Nilidhani mama angefungua gunia. Aliingia kweli chumbani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu. Akapika kile tulichokuwa tunapika kila siku. Sahani ya kwanza akaweka bugali ya muhogo, ameiviringa ikawa laini kama yai. Ya pili, sombe. Ya tatu, sombe tena, maana hakukuwa na kingine. Akazifunika kwa kitambaa kilichofuliwa vizuri, akanipa.

"Ukiulizwa, usiseme kitu. Chakula kitasema."

Mama mdogo alipokea sahani mlangoni, wageni wake wakiwa ndani. Akafunua. Katika mtaa wetu, kumpelekea mtu sombe yenye mawese kijiko kimoja wakati wa Ramadhani, tena mbele ya shemeji zake, kulikuwa tusi, au kulikuwa kujivua nguo. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitazama viraka vya gauni langu, nadhani kwa mara ya kwanza. Akafunika tena, polepole.

"Mwambie mama yako asante," akasema. Sauti yake ile kubwa haikuwepo.

Kesho yake, kabla ya magharibi, tulimsikia akiita kutoka ng'ambo kama zamani: "Enyi wa huko, pokeeni!" Nikaenda. Sahani ilikuwa ya moto. Nilipoifunua mbele ya mama, ilikuwa sombe. Sombe tupu, mawese kijiko kimoja.

Mama alicheka mpaka akaketi chini, na machozi yakamtoka, na mimi sikuelewa. Nilielewa baadaye. Mama mdogo alikuwa na mchele, nazi na samaki. Lakini angeleta wali, mama asingeweza kurudisha, na kabati lingejaa tena. Kwa hiyo alishuka mpaka tulipokuwa, ili sahani ziweze kwenda na kurudi. Ramadhani ile iliyobaki, nyumba mbili zilipelekeana sombe kwa sombe. Hakuna aliyeshiba zaidi kwa ajili ya mwenzake. Zilivuka tu, kila jioni, na kelele zikarudi kwenye ua.

Aliyeteseka ni mumewe. Tulimsikia waziwazi:

"Nyumba iko na muchele, na mimi nakula majani kama mbuzi!"

"Kula, mbuzi wangu," mama mdogo akamjibu. "Ukinenepa tutakuchinja siku ya Idi."

Baba, aliyekuwa amerudi kutoka magazini na uzi ungali shingoni, alijifunika uso kwa mikono miwili akicheka. Hakuuliza nani alitoa siri. Hakuna aliyekuwa amesema neno.

Baada ya Idi, yule mbuzi aliitwa na mzungu wake wa treni na kuambiwa anahamishiwa Kabalo, mbali kusini mwa reli. Katika kazi ile mtu hakuulizwa kama anataka. Walipewa siku chache za kufunga vitu. Mama alizipita siku zile kama mtu mwenye homa. Asubuhi ya safari alichukua kisu, akaingia chumbani kwetu, akalishika gunia la juu.

Mama mdogo alikuwa amekuja kuaga. Alimwona kutoka mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Ya njiani. Hutaondoka kwangu mikono mitupu."

"Weka kisu chini."

"Ndugu yangu..."

"Ukifungua gunia lile, basi mimi nilikula sombe ya bure! Na bwana yangu alikula ya bure! Malizeni kwanza. Utanipikia mukimaliza."

Mama akaweka kisu chini. Tulimsindikiza mpaka kituo cha treni, mama amembebea sufuria kichwani kama mdogo mtu, wakigombana njia nzima kuhusu jinsi ya kufunga mikeka. Treni ilipoondoka walikuwa bado wanagombana, mmoja dirishani, mwingine chini, mpaka hatukusikia tena upande mmoja unasema nini.

Deni lilikwisha kabla ya Ramadhani iliyofuata. Baba alirudi na mashini yake kichwani, kijana wa jirani mpya akimbebea miguu ya chuma ya mashini, na mtaa mzima uliona. Nawaambia hili ili mjue kwamba linafika mwisho. Siku inakuja ambapo mtu anashusha mzigo uani kwake, anakunywa maji, anakaa. Sisi tulifika hivyo, kwa kula kidogo kuliko tulivyoweza, na wewe utafika.

Jioni ya kwanza ya mfungo mama alifungua gunia la mavuno mapya na kupika wali. Wadogo zangu walizunguka sufuria tangu alasiri. Wazungu wa misheni walikuwa wakituambia sisi Waislamu tunafunga kwa kushika mapokeo tu, lakini sijui ni mapokeo gani yangeweza kutufanya tunyamaze vile wakati mama anapakua. Adhana ikatoka. Baba akasema bismillahi. Mikono yote ikaingia, isipokuwa mmoja.

"Baba wa watoto," mama akauliza, "kule Kabalo jua linazama wakati mmoja na la huku?"

Baba alikuwa na tonge mdomoni. Akalimeza kwanza.

"Sijui. Mimi sijafika kule."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alinawa, akakaa mbele ya sinia na mkono wake wa kulia umelowa, akangoja kidogo kabla ya kuanza, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kunawa.